Silinda Moja Ikizembea: Nilivyoitibu Yamaha RD350 ya Mjomba

Mjomba aliponikabidhi Yamaha RD350 yake ya mwaka 1974, ilikuwa imekaa stoo Tanga miaka mingi, imefunikwa magunia. Tuliosha tangi, tukatia petroli mpya na oili ya tustroki (injini inayochoma oili pamoja na petroli), ikawaka kiki ya nne. Nilishangilia. Mjomba hakushangilia. Aliinama karibu na injini, akasikiliza, akasema, "Mjomba, hiyo ya kushoto haifanyi kazi yake."

Laiti ningemsikiliza siku ile ile.

Mwenye pikipiki ya zamani ya tustroki yenye silinda mbili, swali la kwanza ni hili: tatizo liko pande zote mbili au upande mmoja? Petroli iliyochacha, chujio la hewa lililoziba, hata mwinuko wa nchi, vyote hupiga silinda zote kwa pamoja. Nilipoipandisha baadaye Arusha, takribani mita 1,400 juu ya bahari, plagi zote mbili ziliingia weusi kwa sababu hewa ni nyepesi na mafuta yanazidi. Hilo ni jambo jingine kabisa. Silinda moja ikizembea, tafuta kitu ambacho upande ule unacho peke yake. RD350 ina vitu kwa jozi: kabureta mbili (zinachanganya petroli na hewa), koili mbili (zinakuza umeme wa cheche), pointi mbili (swichi zinazofunguka ili cheche ipige), kondensa mbili (zinalinda pointi zisiungue). Silinda isiyougua ndiyo kipimo chako, unacho hapo hapo bila kukinunua.

Kuijua iliyo mgonjwa ni rahisi. Washa injini ikiwa baridi kabisa, iache ingurume dakika moja, halafu chovya kidole kwenye maji na udondoshe tone kwenye kila bomba la moshi, pale linapotokea kwenye silinda. Langu la kulia lilisema "chss" na tone likapotea. La kushoto tone lilitulia, likateremka polepole mpaka chini. Ukifungua plagi, ya kulia ilikuwa kahawia kama maganda ya karanga, ya kushoto nyeupe kama chaki. Weupe ule maana yake hewa imezidi mafuta. Silinda yenye njaa ya mafuta huchemka, pistoni inatanuka, na mwisho inakamata, yaani inakwama ndani ya silinda.

Kisha anza kubadilishana. Hamisha plagi ya kushoto iende kulia, ya kulia ije kushoto. Ugonjwa ukihama, umeshapona kwa bei ya plagi. Usipohama, hamia kwenye koili, na hapa wengi hukosea: wanabadilisha waya za plagi tu. Kranki ya RD350, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imepangwa pistoni moja iwe juu nyingine ikiwa chini, kwa hiyo ukibadilisha waya za plagi peke yake, cheche itapiga pistoni ikiwa chini na injini haitawaka. Lazima ubadilishe pia waya nyembamba zinazotoka kwenye pointi kwenda kwenye koili, chini ya tangi. Badilisha kitu kimoja, washa, tazama, ndipo uende kingine. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo hutajua kilichokuponya.

Pointi zinataka subira. Weka pengo kwanza, milimita 0.3 hadi 0.4, ndipo upange taimingi, yaani wakati wa cheche kupiga, kwa sababu pengo likibadilika taimingi nayo inasogea. Pima kwa geji kupitia tundu la plagi: pointi ifunguke pistoni ikiwa milimita 2 kabla ya kufika juu kabisa. Fanya hivyo kila upande peke yake. Upande mmoja kuwa sawa hakukuhakikishii wa pili.

Kwenye kabureta, mshukiwa mkubwa ni jeti ndogo ya mwendo wa chini. Petroli ikikauka humo huacha utando unaoziba kitundu. Puliza kwa hewa, usichokonoe kwa waya wa chuma. Ukishafunga, ingiza vidole kwenye midomo ya kabureta zote mbili (injini imezimwa), zungusha mkono wa mafuta taratibu, uhisi slaidi, vile vizibo vya ndani vinavyofungua njia ya hewa, zinanyanyuka kwa wakati mmoja. Tazama pia vile vimrija viwili vya pampu ya oili. Povu la hewa ndani ya kimoja linatosha kuua silinda.

Yote hayo niliyafanya, na kushoto kukabaki vile vile. Fundi mmoja akanishauri tuongeze saizi ya jeti kuu, ile ya mwendo wa kasi, kwenye kabureta ya kushoto ili mafuta yaongezeke. Plagi ikapata rangi kidogo, nikaridhika, nikafunga safari ya Arusha. Jeti kuu, hata hivyo, hutawala mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa sana, na mimi nilikuwa natembea nusu. Nilipovuka Mkomazi kuelekea Hedaru, jua la saa saba, mlio wa kushoto ukawa mkavu, kisha gurudumu la nyuma likashika. Nilibana klachi bila kufikiri, na hilo ndilo lililoniokoa. Pistoni ilikuwa imekwaruzika vibaya upande wa tundu la moshi.

Chanzo kilikuwa sili ya kranki, pete ya mpira inayozuia hewa isipite pembeni ya kranki, ile ya kushoto iliyo nyuma ya alteneta (kinachozalisha umeme). Pikipiki ikikaa miaka, mpira wa sili hukauka na kuwa mgumu, injini inavuta hewa kupitia hapo. Dalili nilikuwa nazo na sikuzisoma: nikiachia mafuta, mlio ulichelewa kushuka. Sili ya kulia ikifa, dalili ni tofauti, maana iko upande wa klachi: bomba la kulia hutoa moshi mzito na oili ya gia inapungua bila kuvuja chini.

Sasa kila injini ya namna hii naipima kabla ya kuipanda. Naziba matundu ya moshi kwa mpira, natoa kabureta, naziba mdomo mmoja zinapofungwa, na kwenye wa pili naunga pampu ya baiskeli na kile kipimo cha presha cha zahanati, chenye mshale. Ziba pande zote mbili pamoja, kwa sababu ile sili ya katikati ya kranki hupitisha hewa kidogo kati ya silinda. Nasukuma taratibu mpaka mshale ufike 280 (milimita za zebaki), nasubiri dakika sita. Ukishuka zaidi ya 50 kwa dakika, kuna mahali panavuja. Kwenye ile ya mjomba mshale ulianguka palepale, na nilipopaka maji ya sabuni nyuma ya alteneta, povu likafura kama la kufulia.

Tulifungua injini yote, tukaweka sili mpya pande zote, tukachonga silinda zote mbili saizi moja, pistoni mpya mbili. Jeti ya kushoto niliirudisha ile ya asili. Siku tuliyoiwasha, mjomba ndiye aliyechovya kidole. Kulia "chss", kushoto "chss".