Oti Nyingi Iliniulia Nyasi

Ekari yetu ya malisho huku Dagoretti ililishwa miaka mingi bila kupumzika, hadi ikabaki sangari, nyasi sugu inayosambaa kwa mizizi, na magugu. Ng'ombe tuliwanunulia majani ya nepia barabarani, na kiangazi bei ya mkokoteni mmoja inaumiza.

Mvua za Machi zilipofika nikapanda Boma Rhodes, nyasi ya malisho, pamoja na oti, nafaka inayokatwa ikiwa lishe ya ng'ombe. Boma Rhodes huanza polepole, na udongo ulio wazi huvamiwa na magugu kabla haijasimama. Oti huota haraka ikaufunika. Wazo hilo nalishikilia hadi leo. Kilichoniponza ni tamaa. Nilimwaga kilo 35 za oti, kisha nikaiacha ikomae nipate lishe nyingi. Nilipoikata, nyasi zilizokuwa chini yake zilikuwa za manjano, nyembamba kama uzi, na nyingi zimekufa kwa kukosa jua. Niliumia sana.

Basi nikaanza upya. Kiangazi nililima mara mbili, nikaianika mizizi ya sangari juani, kwa maana kila kipande kinachobaki ardhini huchipuka tena. Mvua za Oktoba zilipokaribia nikasawazisha udongo hadi ukawa laini. Mbegu za Boma Rhodes ni nyepesi kama pamba, hivyo kilo 5 nilizichanganya na mchanga mkavu zisipeperuke, nikazifunika kwa kukokota matawi tu. Zikizama zaidi ya sentimita 1 au 2, nyingi hazitoki. Ukinunua, uliza zilivunwa lini: mbegu iliyotoka shambani juzi huota kidogo mno, inahitaji miezi kadhaa ya kukaa ghalani.

Oti safari hii ilikuwa kilo 15, nami niliikata changa, kabla haijatoa masuke. Katikati ya nyasi nilipanda desmodiamu, jamii ya kunde inayotambaa. Huongeza naitrojeni ardhini na protini kwenye hori, wala haimvimbishi ng'ombe tumbo kama lusani (alfalfa) mbichi inavyoweza. Mwanzoni inakawia, kwa hiyo usiing'oe ukidhani imekufa.

Msimu huo wa kwanza ng'ombe hawakukanyaga humo. Tulikata kwa panga, tukaacha kisiki chenye kimo cha upana wa kiganja. Kabla ya kuwafungulia, shika nyasi mkononi uvute kwa nguvu kama ng'ombe anavyofanya. Shina likitoka na mizizi, endelea kukata na kuwapelekea zizini.