Scleromochlus ni babu wa watambaazi warukao?

SWALI: Ninafundisha sekondari hapa Lindi. Wanafunzi wangu, wanaomfahamu vizuri mjusi mkubwa wa Tendaguru, wamesikia kwamba huko yalipatikana pia mabaki ya pterosauri, watambaazi waliokuwa wakiruka angani, nao wanauliza walitokana na nini. Nimesoma kwamba babu yao ni mtambaazi mdogo aitwaye Scleromochlus, kisha nikasoma maelezo yanayopinga. Lipi ni sahihi?

JIBU: Mwalimu, Scleromochlus si babu wa pterosauri, ni jamaa yao wa karibu, na hilo limethibitika vizuri hivi karibuni tu. Alikuwa na urefu wa sentimita 20 hivi, akaishi takriban miaka milioni 230 iliyopita, katika kipindi cha Triasiki, yaani miaka milioni 80 hivi kabla ya wanyama wa Tendaguru. Visukuku vyake vimetoka Lossiemouth, Scotland, na jina alipewa na Arthur Smith Woodward mwaka 1907.

Ubishi wote umetokana na hali ya visukuku hivyo. Mifupa mingi iliyeyuka, ikabaki nafasi yenye umbo lake ndani ya jiwe la mchanga, mfano wa kalibu, na kwa kuwa mnyama ni mdogo mno, chembe za mchanga zinafunika yale maungio ya nyonga na kifundo cha mguu ambayo ndiyo hutumika kumwainisha mnyama wa aina hii. Ndiyo maana Friedrich von Huene alimhusisha na pterosauri mwaka 1914, Michael Benton akamweka mwaka 1999 nje kidogo ya kundi linalojumuisha pterosauri na dinosaria, na mwaka 2020 Chris Bennett akamwondoa kabisa katika ukoo huo, akimwona kuwa mnyama wa kurukaruka ardhini kwa miguu iliyotanuka kama ya chura.

Mwaka 2022 Davide Foffa na wenzake walivipiga visukuku hivyo picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, wakaiona mifupa bila kulivunja jiwe. Kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa na umbo la ndoano, kama cha lagerpetidi, kundi la watambaazi wa kale ambalo tayari mwaka 2020 lilikuwa limeonekana kuwa karibu na pterosauri kwa umbo la ubongo na sikio la ndani. Mimi nauamini uainishaji huu unaomweka karibu na pterosauri, kwa sababu unasimama juu ya mifupa iliyoonekana wazi.

Kuhusu chanzo cha bawa lenyewe, Scleromochlus hatusaidii: hana dalili yoyote ya bawa, na pterosauri wa kale kuliko wote wanaojulikana tayari wana mabawa kamili.