Tumbo limeachwa wazi: umfunike mgonjwa kwa kitu gani?

Mgonjwa anayepasuliwa kwa dharura Pangani au Handeni na kupewa rufaa Tanga mjini hufika tumbo likiwa halijafungwa, limefunikwa kwa muda kwa kile kilichokuwepo. Hilo halina ubaya. Ubaya ni kukuta kifuniko kilekile siku ya tano.

Njia ya kwanza, kushona ngozi peke yake, huchukua dakika chache, ila tumbo likivimba shinikizo ndani yake hupanda. Lipime kwa mpira wa mkojo: tia kibofuni maji ya chumvi mililita 25, mgonjwa chali, usome anapomaliza kutoa pumzi. Likibaki juu ya 20 mmHg na figo au mapafu yakaanza kulegea, fumua nyuzi.

Mfuko wa Bogota, ulioanzia Kolombia mwaka 1984, ni mfuko wa dripu wa lita 3 uliotakaswa na kukatwa ubapa. Ni rahisi, na rangi ya utumbo unaiona. Ushone kwenye ngozi, usiguse fasia, yaani utando mgumu wa ukuta wa tumbo. Utaihitaji siku ya kufunga. Lakini haufyonzi kitu: shuka hulowa, na fasia hujivuta pembeni kila siku.

Kifuniko cha kufyonza ni bora zaidi, kikifungwa sawasawa. Plastiki yenye matundu madogo iingie ndani kabisa, kati ya utumbo na ukuta wa tumbo, hadi ubavuni pande zote. Ikiishia ukingoni mwa kidonda, utumbo utagandia ukuta. Juu yake weka taulo zilizoloweshwa, mirija miwili, kisha plastiki ya gundi, na ufyonze kwa 100 hadi 150 mmHg. Kwa joto letu la pwani gundi hubanduka kwa jasho: nyoa, kausha, ndipo ubandike. Chupa ikijaa damu mbichi, zima mashine kwanza, kisha mrudishe chumba cha upasuaji.

Wodi isiyo na umeme wa akiba wala muuguzi wa kusikiliza hewa ikivuja, heri mfuko wa Bogota. Mashine ikizimika, majimaji hutuama chini ya plastiki bila mtu kujua.

Kwa vyovyote, shashi kavu isiguse utumbo. Hung'ang'ania, na kuibandua huzaa fistula, tundu la utumbo linalovuja. Kama hutafunga ndani ya siku mbili tatu, shonea wavu wa upasuaji kwenye fasia pande zote mbili, uukaze katikati kila unapobadilisha, ulenge kufunga ndani ya wiki moja hivi.

Na kwenye karatasi ya rufaa, andika idadi ya shashi ulizoacha ndani kuzuia damu.