Hita ya gesi haifungwi bafuni, hata kama haivuji

SWALI: Habari fundi. Tunamalizia nyumba yetu hapa Iringa, na baridi ya Juni imetukuta bado tunachemsha maji ya kuoga jikoni. Nimenunua hita ya gesi ya lita 10. Fundi bomba anataka kuifunga ndani ya bafu la masta. Anasema bomba likiwa fupi maji ya moto yanawahi kufika na gesi haipotei. Mke wangu anaona ikae jikoni. Bafu lina dirisha, na fundi alipaka povu la sabuni kwenye maungio yote, hakuna panapovuja. Nimsikilize nani?

JIBU: Kati ya hao wawili mkeo ndiye aliyekaribia. Mahali pake hasa ni ukuta wa nje, chini ya upenu, na nitafika huko. Kwanza tumalizane na hilo povu la sabuni, maana kila wiki naulizwa swali hili na kila wiki povu limo.

Povu linapima gesi mbichi inayotoroka kwenye mpira, regyuleta au maungio. Ni kipimo kizuri na fundi wako alifanya vyema kukifanya. Ila gesi ya mtungi imetiwa harufu makusudi ili ikivuja uinuse. Kinachoangusha watu bafuni ni gesi iliyokwisha kuungua, yaani moshi wa hita yenyewe, na humo ndimo kaboni monoksaidi inamopatikana. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inashikana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo mwili unakosa hewa huku pua ikiona mambo shwari. Kichwa kinauma, kichefuchefu, magoti yanalegea, na mlango umefungwa kwa komeo kwa ndani. Akiokolewa, nyumbani watasema ni presha, wengine watasema bafu lina mashetani.

Hapa mafundi hunijibu, “Moshi gani? Moto wake ni wa bluu kabisa.” Ni wa bluu hewa ikiwa inatosha. Tupige hesabu. Hita ya lita 10 ikiwa imefunguliwa yote ina nguvu ya kilowati 20 hivi, wakati kichwa kimoja cha jiko la gesi kina kilowati 2 au 3. Kwa kasi hiyo inachoma karibu kilo moja na nusu ya gesi kwa saa, na kila kilo inahitaji hewa ya mita za ujazo 12 au zaidi kidogo. Bafu la mita 2 kwa mita 1.5, dari ikiwa mita 2.4, lina hewa ya mita za ujazo 7 tu. Mtu akioga dakika 20 kwa moto wote, hita imetumia hewa inayokaribia kujaza bafu zima. Tena haingoji iishe. Ikianza kuvuta moshi wake yenyewe, moto unageuka wa manjano, na kaboni monoksaidi inapanda kwa kasi. Nyanda za juu huko mnajua kinachotokea mtu akilala na jiko la mkaa chumbani. Gesi inayoua ni hiyohiyo.

Na dirisha? Nani anaoga Iringa mwezi wa Juni dirisha likiwa wazi? Zamani madirisha ya bafu yalikuwa na nyavu na nafasi ya hewa juu. Siku hizi ni aluminiamu na kioo, likifungwa limefungwa.

Hoja ya bomba fupi nayo haina uzito. Bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 6 linabeba maji ya lita moja hivi. Shawa ikitoa lita 6 kwa dakika, utasubiri sekunde 10. Fundi anayeokoa sekunde 10 kwa kukuwekea moto chumba kidogo kuliko vyote nyumbani anajiokolea bomba na kazi ya kutoboa ukuta.

Basi ifunge nje, upande usiopigwa na mvua na upepo, mbali na dirisha au tundu la hewa la chumba cha kulala, maana moshi hurudi ndani kupitia hapo. Angalia kwenye kijitabu chake kama aina uliyonunua inaruhusiwa kukaa nje. Mtungi nao uwe nje, umesimama wima, pasipo shimo wala mfereji wa maji machafu karibu, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini. Kama hamna budi ikae jikoni, iwe na bomba la moshi linalotoka mpaka nje ya nyumba, na tundu la hewa la kudumu ambalo hakuna atakayeliziba. Feni ya kutoa moshi wa mapishi isiwashwe pamoja nayo, inaweza kuuvuta moshi wa hita urudi ndani.

Nimesema mpaka nje ya nyumba. Nimepanda darini kwenye nyumba mpya, jipsamu safi, taa nzuri, nikakuta bomba la moshi limekomea juu ya dari, mdomo umeelekea chumba cha watoto. Chini limepakwa rangi likapendeza. Aliyelifunga alilipwa na kuagwa kwa chai.

Kwa hiyo wewe na wengine mlio na hita tayari, pandeni mkaangalie bomba linaishia wapi. Ukiona masizi juu ya hita, au moto wa manjano, au kichwa kinachouma kila unapooga na kupoa ukitoka nje, zima na usiiwashe tena mpaka ipimwe. King'ora cha kaboni monoksaidi kinunue, ila kisiwe sababu ya kuiacha hita bafuni. Na kwa wapangaji na wageni wa gesti: ukikuta hita ya gesi ndani ya bafu, mtungi umesimama kando ya choo, omba ndoo ya maji ya moto uoge kwa kopo.