Re: Hema Iringa hadi Mbeya mwezi wa saba, inawezekana?

Mkuu, inawezekana, ila swali lako la "kupiga hema popote" lina majibu mawili.

Ndani ya hifadhi (Ruaha, Kitulo) hakuna popote. Unalipia kiingilio cha TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) na ada ya kambi, unalala ulipoelekezwa. Ruaha usiweke matunda ndani ya hema, tembo ananusa embe kuliko wewe unavyodhani.

Kitulo ndiyo iliyonikosha, na ndiyo inayotesa. Uwanda uko juu ya mita 2,600, na mwezi wa saba asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Blanketi moja la Kimasai halitoshi kabisa! Beba mfuko mzito wa kulalia na kitu cha kutandika chini, maana baridi kali inatoka ardhini. Tena maua unayoyaona kwenye picha ni ya masika, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Julai utakuta nyasi, upepo na ukimya. Mimi napenda hivyo, mwenzako huenda akanuna.

Nje ya hifadhi, pitia kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Jieleze, uliza shamba la nani. Mara nyingi unapewa uwanja, na kuni za kununua jirani.

Mkichoka na baridi shukeni Matema, Ziwa Nyasa. Huko joto, mchanga, samaki wa kuchoma. Unalala na neti tu, lakini chandarua kiwe kizima, mbu wapo.