Farasi mchanga anashupaza shingo kwenye duara: afunzwe vipi kujikunja?

SWALI: Nina farasi dume aliyehasiwa, wa miaka minne, ninayempanda katika ufuko wa Msimbati, mkoani Mtwara. Akienda moja kwa moja ni mtulivu, lakini nikimtaka azunguke, hasa kwa upande wa kulia, anashupaza shingo na kuing'ang'ania lijamu, yaani chuma cha kinywani. Nikivuta hatamu ya ndani kwa nguvu, kichwa kinageuka lakini mwili unaendelea kwenda kule kule. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, sentensi yako ya mwisho kabla ya kuuliza "Nifanyeje?" ndiyo iliyobeba tatizo lenyewe. Shingo ya farasi hupinda kwa urahisi, ilhali mgongo wake kuanzia kifuani hadi kiunoni hupinda kidogo mno. Kwa hiyo anayevuta hatamu ya ndani huipata shingo peke yake, na mwili hutoroka kwa kupitia bega la nje ambalo halikuzuiwa na kitu.

Kabla ya mafunzo yoyote, mwombe daktari wa mifugo amtazame kinywa. Katika umri huo farasi bado anabadilisha meno ya utotoni, na baadhi yao huwa na kijino kidogo mbele ya magego ya juu ambacho lijamu hukigonga. Hakikisha pia kwamba tandiko halimbani mabegani. Na kwa kuwa mikoa ya kusini ina mbung'o, nzi waenezao ugonjwa wa nagana, farasi anayekonda, mwenye homa na uzito wa mwendo apimwe damu. Huyo si mkaidi, ni mgonjwa.

Akiwa mzima, anza ukiwa chini, ukisimama ubavuni mwake. Kaza vidole kwenye hatamu moja, taratibu, kama mtu anayebonyeza embe kujua kama limeiva, ungoje bila kuvuta. Atakapolegeza taya na kugeuza pua kidogo tu, legeza vidole papo hapo. Huko kulegeza ndiko kunakomfundisha, kwa sababu farasi hukumbuka kile kilichomwondolea mkazo. Ukichelewa, atajifunza kwamba kukubali hakuna faida.

Ukishapanda, ufuko wako utakusaidia kuliko uwanja wa majani. Maji yakitoka wakati wa bamvua, tafuta mchanga mbichi ulioshikana na ulio sawa, kwani ule mkavu na mzito huchosha kano za miguu, na wa mteremko humwegemeza upande mmoja. Chomeka kijiti, funga kamba ya mita 10, uchore duara lenye upana wa mita 20. Mwendeshe humo kwa hatua za kawaida. Mguu wako wa ndani ukae kwenye mshipi wa tandiko na kumhimiza kila unapohisi ubavu wa ndani ukibonyea, kwa kuwa ndipo mguu wake wa nyuma wa upande huo unapopiga hatua mbele. Mguu wako wa nje urudi nyuma kidogo kuzuia makalio yasipepesuke. Hatamu ya nje ishike bega, na ile ya ndani iombe tu kiasi cha wewe kuona kona ya jicho lake. Akiizoea hali hiyo, punguza duara hadi upana wa kama mita 15, kisha umsukume arudi nje kwa mguu wa ndani, bila kuigusa hatamu ya ndani. Zoezi hili nalithamini kuliko mengine yote.

Baada ya mizunguko michache, simama utazame nyayo. Za nyuma zikifuata mstari wa zile za mbele, anajikunja. Zikiangukia nje ya mstari, makalio yamekwepa na mguu wako wa nje umelala.

Upande wa kulia ni mgumu kwa sababu farasi, kama sisi, huzaliwa na upande anaoupendelea. Anza na kushoto, nenda kulia kwa muda mfupi, kisha urudi kushoto, yote yasizidi nusu saa, asubuhi kabla ya joto. Mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole, usubiri hadi atakapokuwa analegea kwa hatua za kawaida pande zote mbili. Wapo watakaokushauri umfunge kichwa kwa kamba za ziada ili ainamishe shingo. Kataa, maana shingo itainama huku mgongo ukibaki mgumu vile vile.