Kuaga Kazi ya Ualimu Dubai

Tukuyu, Rungwe

Mwanangu,

Salamu zako tumezipata, na nyumbani hatujambo. Umeuliza mambo mawili: uache kazi mwishoni mwa Aprili kwa kuwa umechoka, au uvumilie hadi shule ifungwe Julai, na kama ni kweli wasemavyo wenzako, kwamba ni hasara kuondoka kabla ya kutimiza miaka mitano.

Nianze na hiyo mitano, maana jibu lake ni fupi. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu iliyoanza kutumika Februari 2022 inatoa kiinua mgongo cha siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, kisha siku 30 kwa kila mwaka unaozidi hapo. Nyongeza ni siku tisa, na inaanzia mwaka wa sita. Mitano ya nyuma haipandishwi. Kama msingi wako ni dirhamu 5,000, gawa kwa 30 upate 166.67 kwa siku. Siku tisa ni dirhamu 1,500. Kweli ukae mahali palipokuchosha kwa ajili ya hizo?

Kwa miaka yako minne, siku 21 za kila mwaka ni dirhamu 3,500, mara nne ni dirhamu 14,000, kama dola 3,800 hivi. Fungua mkataba uangalie msingi umeandikwa kiasi gani. Mwalimu anayepokea 8,000 kwa mwezi huku msingi ukiwa 5,000 hulipwa kwa 5,000. Posho za nyumba na usafiri haziingii. Wengi hupiga hesabu kwa 8,000, wakategemea 22,400, na huku nyumbani fundi keshaahidiwa bati. Likizo isiyo na malipo nayo huondolewa kwenye muda wa utumishi.

Sasa Aprili au Julai. Ngoja Julai. Ukikatisha katikati ya muhula unapoteza mishahara iliyobaki, na kama mkataba unaishia Agosti, unapoteza hata ya likizo ndefu. Nauli ya kurudi nayo ni jukumu la mwajiri, isipokuwa umehamia kwa mwajiri mwingine au kuvunjika kwa mkataba kumetokana na wewe. Notisi kisheria ni kati ya siku 30 na 90. Kama yako ni 90 na unataka kumaliza mwanzoni mwa Julai, Aprili ndio mwezi wa kuandika barua. Iandike kwa tarehe, ipeleke kwa barua pepe, na upate jibu la maandishi kuwa imepokelewa.

Panapoumiza watu zaidi ni wiki mbili za mwisho. Kabla ya kufutiwa kibali cha ukaazi utaletewa karatasi ya kusaini kwamba umelipwa haki zako zote. Usisaini kabla hujaona hesabu kwa maandishi: mshahara wa mwisho, siku za likizo ambazo hukuzitumia, kiinua mgongo. Sheria inampa mwajiri siku 14 tangu mkataba uishe awe amekulipa. Kama una mkopo wa benki au kadi ya mkopo, maliza mapema, kwa sababu benki ikijua umeacha kazi inaweza kuishikilia akaunti, na kiinua mgongo kikaingia humo humo. Umeme, maji na simu lipia hadi siku ya mwisho.

Cheti cha utumishi ni bure, ila ukiombe mwenyewe. Kiwe na tarehe ya kuanza, ya kumaliza, cheo na mshahara wa mwisho. Kigongwe mhuri Wizara ya Mambo ya Nje ya huko, kisha ubalozi wetu Abu Dhabi, ungali na kitambulisho cha ukaazi. Cheti cha polisi kichukue wakati huo huo. Ukishafika Mbeya, kuvifuatilia kwa mbali ni usumbufu mtupu.

Jambo ambalo hukuuliza: shule za huko zinafunga Julai, zetu zinafungua mwaka Januari. Hiyo ni miezi sita bila mshahara, na shule binafsi huku nyingi huanza kutafuta walimu kuanzia Oktoba. Tenga fedha za kula za miezi sita kabla ya kugusa kiwanja. Ukitaka kujenga, Julai hadi Oktoba ni kiangazi, matofali ya kuchoma yanakauka na lori linafika. Mvua zikianza Novemba, njia ya kule kwetu unaijua.

Parachichi usikimbilie. Ekari moja kwa nafasi ya mita saba kwa saba inachukua miche kama 80, na aina ya hass ya kubebesha huanza kukupa matunda ya maana mwaka wa tatu au wa nne. Haikulishi mwaka huu. Gari nalo liuze huko huko: usukani uko kushoto, na kulipita lori kwenye mlima wa Kitonga ukiwa upande huo wa kiti, abiria ndiye anayeona mbele.

Fedha zitume kwa benki. Ukibeba taslimu, Tanzania unatakiwa kutamka kuanzia dola 10,000, na huko unapotokea ni zaidi ya dirhamu 60,000.

Nipigie picha ukurasa wa mshahara na ule wa notisi, unitumie wiki hii, tuhesabu pamoja kabla hujaandika hiyo barua. Mama yako anauliza kama bado una koti. Julai huku unaijua.

Baba yako